Moto wa Kuazima

Babu yangu alikwenda Pemba mara nyingi kuliko mimi nilivyokwenda Dar es Salaam, na katika safari zote hizo hakuwahi kugusa betri. Jahazi lake lilikwenda kwa tanga na kurudi kwa tanga. Upepo ukikataa, walitia nanga, wakapika, wakangoja. Nimelelewa Mkokotoni, Unguja, katikati ya habari hizo, lakini mimi mwenyewe nilifika miaka 34 sijawahi kuvuka kwenda kisiwa cha pili ila kwa meli ya abiria, ambamo bahari huonekana nyuma ya kioo.

Basi binamu yangu aliponipigia simu kutoka Maskati, akasema anakuja likizo na mumewe na mtoto wao wa miaka 12, na kwamba anataka mtoto aijue bahari ya wazee wake kwa tanga, sikuuliza bei mara mbili. Tulichangiana. Tukakodi boti ya matanga ya futi 34 pale Nungwi kwa siku tatu, pamoja na nahodha na baharia mmoja kijana. Ilikuwa Septemba, upepo wa kusi umeanza kupoa, na mwezi ndio kwanza unaandama, kwa hiyo maji yalikuwa ya bamvua.

Asubuhi ya safari mwenye boti alitupa maelezo. Alituonyesha majaketi ya kuokolea na namna ya kuyafunga, chupa ya kuzimia moto, na jiko la gesi. Kisha akaingia kwenye habari ya choo: vali ipi ifunguliwe, pampu ipigwe mara ngapi, karatasi isitupwe. Choo peke yake kilichukua dakika kumi. Chini ya ngazi, usawa wa goti, palikuwa na swichi nyekundu ya duara yenye alama nne: moja, mbili, zote, zima. Mshale ulikuwa kwenye "zote". Niliiona, nikaipita. Hakuna aliyeitaja.

Nahodha wetu alikuwa mzee wa Kitumbatu, aliyeitwa usiku uliotangulia kuziba nafasi ya mwenzake aliyeugua. Boti ilikuwa ngeni kwake pia. Aliuliza dizeli, akaambiwa tangi limejaa. Akavuta kijiti cha oili, akakitazama. Akaushika mnyororo wa nanga pingili kwa pingili. Akauliza betri, akaambiwa ziko sawa. Baadaye alinieleza kwamba hapo ndipo alipokosea, kwa sababu vingine vyote alivitazama kwa macho yake, na hicho kimoja alikipokea kwa masikio.

Tulipoipita Ras Nungwi, matanga yakatwekwa, na nahodha akavuta kishikio cha kuzimia injini. Injini ikanyamaza, na ndipo tu akazungusha ufunguo. Nilidhani ni mazoea yake. Kumbe ufunguo ukizimwa injini ingali inazunguka, alteneta hukosa pa kupeleka umeme wake, na vipande vidogo vinavyougeuza umeme huo uweze kuingia kwenye betri vinaweza kuungua papo hapo. Swichi nyekundu nayo ni vivyo hivyo: haipelekwi kwenye "zima" injini ikiwa inafanya kazi.

Upepo ulitupata ubavu wa kulia, boti ikalala kidogo, ikashika mwendo. Unguja imekaa juu ya maji mafupi yanayoungana na bara, lakini Pemba imesimama peke yake. Kati yake na bara kuna kilindi kinachofika mita 800 hivi, na rangi ya maji huko si ya buluu tunayoijua Nungwi, ni ya wino. Mkondo unaokwenda kaskazini ulitusukuma. Mtoto alikaa mbele akining'iniza miguu, akilowa. Binamu yangu alilia kidogo, hakujificha. Ukitega sikio ulisikia maji ubavuni, kamba ikilia kwenye kapi, na huko chini, taratibu bila kupumzika, friji ikinguruma.

Ile friji ndiyo habari yenyewe. Tulikuwa tumeijaza soda, maziwa na samaki. Kifaa cha kushika usukani nacho kilikula umeme tangu asubuhi. Shemeji aliunganisha inveta, mtoto akachaji tableti yake, mimi nikachaji kamera na simu mbili. Paneli moja ya sola ilikuwa nyuma, na mchana wote tanga kubwa liliikinga jua. Sikujua kwamba kila tulichochomeka kilikuwa kinanywa kutoka betri zote mbili kwa pamoja, ile ya matumizi ya ndani na ile ya kuwashia injini, kwa sababu mshale ulikuwa kwenye "zote".

Tulifika upande wa magharibi wa Pemba, kusini ya ghuba ya Chake Chake, saa tisa na nusu alasiri, maji yakikaribia kujaa. Injini iliwaka kwa uzito. Nahodha alikunja uso lakini iliwaka. Nusu saa baadaye nanga ilikuwa chini, mnyororo mita 30, maji mita 8. Nyuma yetu bahari ilikuwa tambarare, haina doa. Nahodha alinyoosha kidole akasema pale pana mafungu matatu, yatajitokeza maji yakitoka. Bamvua pwani yetu huweza kushusha maji karibu mita 4, na siku za bamvua maji hutoka kabisa kama saa nne usiku. Alichagua nafasi ya kutosha kati yetu na mafungu yale, akachukua alama mbili za taa ufukweni, na tukala.

Saa mbili na nusu usiku alama zile zilikuwa zimeachana. Nahodha alikwenda mbele akaweka kiganja juu ya mnyororo, akaniita niweke changu. Ulikuwa unatetemeka, unakwaruza, kama mtu anayekokota sufuria juu ya saruji. Chini palikuwa na mchanga mwembamba juu ya jiwe, nanga ilikuwa inateleza, na mkondo wa maji yanayotoka pamoja na upepo wa nchi kavu ulikuwa unatupeleka kulekule kwenye mafungu. Sasa tuliyasikia.

"Washa injini," alimwambia baharia.

Ufunguo ukazungushwa. Tak. Taa za ndani zikafifia mpaka zikawa rangi ya kaa la moto, zikarudi. Tena: tak.

"Acha," alisema nahodha. "Usiguse tena. Kwanza nanga, injini baadaye."

Akafungua breki ya winchi, mnyororo ukashuka kwa uzito wake wenyewe mpaka mita 50. Hilo halihitaji umeme. Tulisubiri, viganja juu ya chuma. Mkwaruzo ukapungua, boti ikavuta, ikasimama. Akafunga spana kwenye kamba akaifanya bildi, akapima nyuma ya boti: mita 4 na nusu, na maji yalikuwa na saa moja na nusu zaidi ya kutoka. Boti yetu ilihitaji 1.7 ili ielee. Akanambia, "Mwanangu, muda tunao, lakini si mwingi." Kupandisha tanga na kutoka gizani kati ya majiwe asiyoyajua vizuri aliona ni hatari kuliko kubaki. Mtumbwi wetu wa mpira ulikuwa na mashine ndogo ya kuvuta kwa kamba, isiyohitaji betri. Huo aliuweka wa mwisho, ufungwe ubavuni utusukume.

Tukazima kila kitu. Friji, inveta, taa zote, vyombo vya kupimia. Mita ya volti ilisoma 11.4. Betri ya aina hii, ya risasi na tindikali, ikijaa na kupumzika husoma 12.6 au 12.7; ikifika 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 umeikausha na unaiua. Zetu zote mbili zilikuwa hivyo, sawasawa, kama watu wawili waliokunywa maji kwenye kikombe kimoja.

Nahodha akasema sanduku la betri lifunguliwe, madirisha yote yafunguliwe, na jiko la gesi lifungwe kwenye mtungi. Akanusa. Mtoto aliwasha kibiriti cha gesi ili amulike. Nahodha alimshika mkono kabla sijaelewa nilichokiona. Hakumkaripia. Alimgeuzia uso kwenye mwanga wa tochi, akamwonyesha kope la jicho la kushoto, limekunjamana na halina nywele. Alikuwa kijana, akifanya kazi katika karakana moja ya bara. Mwenzake alikuwa amechaji betri usiku kucha chumbani, asubuhi akainama kutazama maji yake, sigara mdomoni. Betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi isiyo rangi wala harufu, na ikifika sehemu 4 tu katika 100 za hewa cheche moja inatosha. Kifuniko kiliruka kama bomu na tindikali ikafuata. Kilichoyaokoa macho ya nahodha ni pipa la maji la karibu. Walimzamisha uso ndani yake na kumwosha muda mrefu, bila kungoja dawa. Mwenzake hakuwahiwa.

Ile harufu ya yai bovu wanayoijua mafundi ni ya gesi nyingine, ya betri iliyochajiwa kupita kiasi. Ukiisikia, usiguse swichi yoyote hapo, fungua milango uondoke. Usiku ule haikuwepo.

Kichwa kimoja cha betri ya injini kilikuwa na unga mweupe wa kijani, na kibanio chake kilicheza kwa kidole. Kililegezwa, kikasuguliwa, kikakazwa. Kisha nikashushwa mimi kwenye shimo la injini, kwa kuwa ni mwembamba. Ilikuwa injini ndogo ya Kijapani, silinda mbili, nguvu ya farasi 18, ya miaka ambayo injini bado zilitengenezwa kumkumbuka mtu aliye mbali na fundi: juu yake palikuwa na vishikio viwili vidogo vya kuondolea mgandamizo. Ukivisimamisha, vali hubaki wazi, pistoni hazisukumi kitu, na staata dhaifu huweza kuzungusha injini kwa kasi. Ikishika kasi unavilaza, kimoja kisha cha pili. Injini ya dizeli ya aina hiyo haitaki umeme ili iungue. Inataka hewa ibanwe kwa nguvu mpaka ipate joto la kuwasha mafuta. Ikishawaka, haihitaji betri ili iendelee kuzunguka.

"Na ile koki ya maji ya bahari, funga," alisema. "Injini ikizungushwa sana bila kuwaka, pampu inaendelea kuvuta maji ya kupoza, yanajaa kwenye salensa, hayana moshi wa kuyasukuma nje. Yakizidi yanarudi nyuma yanaingia kwenye silinda. Hapo hutakuwa na betri mbovu tena, utakuwa na injini mbovu. Lakini ikiwaka tu, ifungue. Hiyo ndiyo kazi yako, nyingine zote mwachie Mungu."

Nilifunga. Nikasimamisha vishikio. Ufunguo ukazungushwa, na injini ikazunguka kweli, ikipumua kama mbwa mwenye kiu. Nikalaza cha kwanza. Ikakohoa, moshi ukanipiga usoni. Nikalaza cha pili, ikakwama. Tak.

Mara moja tu, alisema nahodha, hatujaribu tena. Mpini wa kuzungushia kwa mkono, ule ambao madereva wa malori ya zamani waliuita hendeli, haukuwepo, wala nafasi ya kuuzungusha. (Wenye nao wajue kidole gumba hakishikwi upande wa pili wa mpini; injini ikirudisha nyuma hukivunja.) Nilisoma baadaye kwamba Mfaransa Michel Desjoyeaux, staata yake ilipokufa katika mashindano ya Vendée Globe ya 2000–2001, peke yake katikati ya bahari, aliunganisha injini na tanga kwa kamba na makapi mpaka upepo wenyewe ukaizungusha ikawaka. Alishinda, kwa siku 93. Ninamheshimu mno mtu yule. Lakini yeye alikuwa na bahari wazi pande zote, na sisi tulikuwa na mafungu.

Tulichokuwa nacho sisi ni giza. Mwezi haupo, na usiku wa giza ni usiku wa dagaa. Nje ya mafungu zilielea taa sita au saba, kali, nyeupe, zikivuta samaki juu. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za betri. Baharia akaingia kwenye mtumbwi wa mpira, akavuta kamba ya mashine, akapotea kuelekea taa iliyo karibu.

Alirudi baada ya dakika ishirini pamoja na mashua ya watu watano, taa yao imezimwa. Walijua mapito kama mtu anavyojua nyumba yake.

"Salaam alaykum. Mna nini hapo?"

"Waalaykum salaam. Betri imelala. Tuazimeni moto."

Hilo neno, moto, lilinipeleka jikoni kwa bibi yangu, aliyekuwa akinituma na kifuu kwa jirani kuomba kaa moja la kuwashia.

Betri yao ilikuwa ya gari kubwa, N100, uzito ambao mtu mmoja haunyanyui na kutabasamu. Nahodha alitaka ivushwe imesimama wima, ndani ya beseni la dagaa lililokaushwa, mikono minne. Tindikali ikimwagika ni balaa. Na maji ya bahari yakiingia ndani ya betri hutoa klorini, gesi ya sumu, ndiyo maana betri haiwekwi chini ya boti panapokusanyika maji, na lazima ifungwe mkanda isihame hata boti ikilala ubavu. Mmoja wao alikuwa na sigara. Aliambiwa, akaizima baharini bila neno. Mwingine alisema wanayo ya pili, ziunganishwe mbili kwa mfululizo zitie nguvu. Nahodha akakataa: hivyo zingetoa volti 24 na kuunguza kila kilichomo. Tunataka kando kwa kando, chanya kwa chanya.

Waya ulianza kwenye chanya ya betri yao, ukaja kwenye chanya yetu. Kisha hasi yao. Ncha ya nne, ya mwisho, hakuipeleka kwenye betri. Aliibana kwenye chuma cha injini, mbali na sanduku, kwa sababu ncha ya mwisho ndiyo inayoruka cheche, na cheche tunaitaka mahali pasipo na gesi. Iliruka kweli, ndogo, ya buluu. Tukangoja dakika tano betri zinywe kidogo.

Bildi ilionyesha maji yamepungua tena.

"Haya. Vishikio juu. Bismillahi."

Ilizunguka upesi mno kuliko mwanzo. Kimoja, kikohozi. Cha pili, na injini ikashika, chuma chote kikatetemeka kifuani mwangu, na katika ile furaha nikasikia nahodha akipaza sauti: "Koki!" Niligeuza mpini. Juu wakaangalia nyuma ya boti. Sekunde zilipita, mimi nikihesabu, kisha baharia akaita kwamba maji yanatoka. Waya zikatolewa kinyume cha zilivyofungwa, ile ya kwenye chuma ikiwa ya kwanza. Mashua ikatangulia, sisi tukaifuata taratibu kati ya majiwe tusiyoyaona, mpaka kwenye mchanga mzito. Shemeji alitoa pochi. Mkubwa wao akasema moto hauuzwi, wakarudi kwenye dagaa wao.

Sikulala. Alfajiri nahodha alinikalisha chini ya ngazi mbele ya ile swichi, na mtoto akaja akakaa katikati yetu. Moja ni ya injini, mbili ni ya nyumba. Alitupigia hesabu. Staata huvuta umeme mwingi mno, ampea 150 na zaidi, lakini kwa sekunde tatu tu. Friji huvuta ampea 4 au 5, lakini usiku na mchana. Umeme walioula samaki wetu waliogandishwa ungewasha injini zaidi ya mara 100. "Ya kwanza ni amana," alisema. "Umewekewa, si yako. Unaigusa ukiwa na shida ya kuondoka, basi." Injini ikizima, mshale unakwenda kwenye mbili. Mtoto aliandika kwa wino mweusi kwenye utepe, YA INJINI TU, akaubandika juu ya sanduku. Siku ya tatu, tukirudi Unguja upepo na mkondo vikiwa vimetukabili, safari ambayo babu yangu angengoja majira yageuke ndipo aifanye, injini ilifanya kazi saa saba. Iliwaka kwa mzunguko mmoja. Mwenye boti nilimpa maelezo yote kwa maandishi, na nikamwambia ana kwa ana kwamba dakika tano kati ya zile kumi za choo ni za swichi hii.

Lakini kabla ya kuondoka Pemba tulikuwa na deni. Wakati wa kubana waya nahodha alikuwa amemulika tochi, mbali na uso wake, ndani ya betri ya wale wavuvi, akaona sahani za risasi zimetoka nje ya maji. Asubuhi tuliwakuta ufukweni, dagaa wameanikwa kwenye vichanja, betri kivulini. Tulibeba chupa tatu za maji ya betri kutoka kwenye akiba ya boti. Kijana aliyezima sigara ndiye aliyekuja kuzipokea. Alikuwa akitia maji ya kisima, alisema, yakikosekana hutia ya mvua. Nahodha akachuchumaa naye, vifuniko sita vikafunguliwa, akamwonyesha: maji yazifunike sahani, yapite kidogo, yasifike mdomoni, kwa sababu yakichajiwa yanapanda, wala usiongeze tindikali, tindikali haiondoki, kinachopungua ni maji, na chumvi ya kisima inakula risasi. Kijana alijaza matundu matano yaliyobaki mwenyewe, ulimi nje kwa makini. Akafunga vifuniko, akapangusa juu kwa kitambaa kikavu, akaomba mwenzake ashike upande wa pili, wakaipeleka kwenye mashua imesimama wima, polepole, kama watu wanaobeba chungu cha mchuzi kwenda harusini.